Nuru Ambayo Hatukuiwasha

Kila mwaka, jioni ya tarehe 9 Oktoba, mji wa Leipzig ulioko mashariki mwa Ujerumani huwa na sherehe inayoitwa Lichtfest, yaani Sikukuu ya Nuru. Giza linapoingia watu hukusanyika katika uwanja mkubwa wa Augustusplatz, wengi wakiwa na mshumaa ndani ya kikombe ili upepo usiuzime. Muziki na sauti za kumbukumbu husikika katika vipaza sauti, rangi za taa hupita juu ya kuta za majengo, na mishumaa hupangwa chini kwa maelfu mpaka inaandika namba 89. Sisi tunaishi katika mji huo. Tulitumwa kutoka Tanzania kwa kazi ya kanisa, familia ya mchungaji yenye watoto wawili, na mara moja kwa mwezi tunakutana na Wakristo wengine wachache wanaosema Kiswahili ili tuimbe na kuomba kwa lugha yetu. Tunapoandika "sisi" katika kurasa hizi, mara nyingine tuna maana ya nyumba yetu, mara nyingine ya kikundi hicho kizima. Msomaji atuvumilie, kwa sababu swali lenyewe la insha hii ni nani anayeruhusiwa kusema "sisi".

Swali hilo hatukulitunga. Tuliulizwa ndani ya tramu.

Tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka kwenye sherehe, kama saa tatu na nusu usiku. Binti yetu wa miaka tisa alikuwa bado ameshika kikombe chake, mshumaa ukiwa umezimwa kwa sababu ndani ya tramu moto hauruhusiwi. Mbele yetu alikaa mzee wa miaka sitini hivi, nadhifu. Akatuuliza kama tunatoka Augustusplatz. Tukasema ndiyo. Akauliza kama tunajua sherehe ile inahusu nini. Tukamweleza tunayoyajua, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira yoyote, kwamba tumejifunza vizuri, lakini ile ni habari ya watu wa hapa, walioishi hapa wakati ule, na yeye hushangaa kidogo wageni wanatafuta nini mle zaidi ya kutazama taa. Kituo kilichofuata akashuka, akatutakia usiku mwema.

Angetutukana ingekuwa rahisi. Matusi tumekwisha kujifunza kuyaacha mlangoni pamoja na viatu vyenye theluji. Lakini hili lilikuwa swali, na lilikuwa na haki yake. Kwa maana ni kweli tulikuwa tumefurahi sana. Tulikuwa tumesimama katikati ya umati tukipasha mikono yetu juu ya mishumaa, tukacheka wa kwetu ulipozimika mara tatu na kuwashwa mara tatu na watu tusiowajua. Binti yetu alikimbia pembeni mwa ile namba 89 akijaribu kuihesabu mishumaa. Aliporudi alisema, "Mji wetu umependeza." Hakuna aliyemfundisha kusema "wetu". Na sisi tukakubali kwa kichwa, tukiwa tumesahau kabisa kwamba tunakumbuka usiku wa hofu.

Inafaa tueleze usiku huo, maana wasomaji wengi wa kitabu hiki walikuwa hawajazaliwa, na sisi wenyewe tulikuwa watoto wa shule ya msingi, mbali sana na hapa. Mwaka 1989 Ujerumani ilikuwa nchi mbili, na Leipzig ilikuwa upande wa mashariki, chini ya utawala wa chama kimoja na polisi wake wa siri, Stasi. Katika Kanisa la Mtakatifu Nikolasi, Nikolaikirche, kulikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu saa kumi na moja jioni tangu mwaka 1982. Nje ya kanisa palikuwa na tangazo kwamba kanisa liko wazi kwa wote. Kwanza walikuja wachache. Baadaye wakaja wasioamini pia, waliotaka kuhama nchi, waliochoka kunyamaza, na wapelelezi. Kufikia vuli ya mwaka ule watu hawakutosha tena ndani, wakawa wanatoka kanisani na kutembea mjini.

Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba ilikuwa ya kuogofya. Siku mbili kabla yake polisi walikuwa wamewapiga waandamanaji mjini. Gazeti la mji lilikuwa limechapisha barua ya kamanda wa mgambo iliyotishia kwamba ikibidi hata silaha zitatumika. Mwezi Juni wa mwaka huohuo dunia ilikuwa imeona yaliyotokea Beijing, na watu wa Leipzig walijiuliza kama yatatokea hapa. Maelfu ya askari waliwekwa tayari. Ilisemekana hospitali zimeongeza akiba ya damu. Chama kilituma mamia ya wanachama wake wakae ndani ya Nikolaikirche tangu mchana, ili viti vijae na waombaji wabaki nje. Mchungaji Christian Führer, aliyefariki mwaka 2014, hakuwafukuza. Aliwakaribisha. Hivyo watu waliotumwa kuzuia maombi wakajikuta wameketi mle saa nyingi, wakisikiliza zaburi na sala pamoja na wengine. Jioni ile maombi yalifanyika katika makanisa manne.

Walipotoka, uwanja ulikuwa umejaa. Watu wapatao 70,000 walitembea kuuzunguka mji wa kale, kwenye ile barabara ya mviringo yenye urefu wa kama kilomita tatu na nusu, wakipaza sauti kwamba pasiwe na matumizi ya nguvu. Walipita mbele ya jengo la polisi wa siri. Hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Mchungaji Führer alikuwa akieleza kwa nini mshumaa: anayeubeba nje anahitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga na upepo, na mtu wa namna hiyo hana mkono wa kuokotea jiwe.

Hiyo ndiyo nuru tuliyoifurahia usiku ule, tukiwa na vikombe vyetu, bila kuwa na hofu ya mtu yeyote.

Katika kikundi chetu cha Kiswahili suala hili lilizua mazungumzo marefu kuliko tulivyotarajia. Mzee mmoja, ambaye huko nyumbani alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, alisema yeye haendi Augustusplatz kwa sababu nyingine kabisa. Kwake hiyo ni anasa. Fedha za kupaka majengo rangi kwa taa zingeweza kufanya kazi nyingine. Akakumbusha kwamba tumelelewa kusoma kwa kibatari, na mama zetu walitugombeza tukiacha utambi ukiwaka bure.

Tunamheshimu, lakini hapo hatukukubaliana naye. Mhubiri, ambaye si mtu wa kushangilia ovyo, anasema katika sura ya 11 kwamba nuru ni kitu kitamu na macho hupendezwa nayo. Hasemi inapendeza kwa sababu inatusaidia kusoma. Na Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoieleza sehemu ya kwanza ya Imani, anaanza kuhesabu alichopewa na Mungu, mwili na roho, macho, masikio, chakula, nyumba, na anamalizia kwamba yote hayo amepewa pasipo kustahili. Macho yako katika orodha ile. Aliyelelewa kwa kibatari ndiye anayejua zaidi utamu wa taa. Sisi tulioona umeme ukirudi baada ya mgao, kijiji kizima kikapiga kelele ya furaha kwa pamoja hadi ng'ambo ya bonde, hatuna haja ya kufundishwa kwamba mwanga ni furaha. Mzee wetu alicheka, akasema kelele hizo alizipiga na yeye. Hata hivyo bado haendi.

Kwa hiyo kupendezwa na taa si shida. Shida ni ile ya mzee wa kwenye tramu. Mwanga wa jua Mungu humpa kila mtu bure, lakini mwanga huu wa tarehe 9 Oktoba uliwashwa na watu, na watu hao walilipa. Je, tunaweza kufurahia kwa niaba ya ushujaa ambao si wetu?

Tulimpelekea swali hilo bibi mmoja wa usharika wetu wa Kijerumani, ambaye usiku ule alikuwa mmoja wa wale 70,000. Tulidhani atatutetea. Kwanza hakututetea. Alisema hata yeye hapendi Augustusplatz siku hiyo, kwa sababu ya vipaza sauti. Usiku wenyewe haukuwa na muziki, alisema, ulikuwa na nyayo. Kisha akatusimulia jambo ambalo kwa miaka yote ya kukaa naye katika kahawa ya baada ya ibada hakuwahi kulisema. Yeye na mumewe walikuwa wamekubaliana kwamba mmoja tu aende, mwingine abaki na mtoto, na karatasi yenye jina na anwani ya shangazi wa mtoto iliachwa kwa jirani. Na zaidi ya hayo, Jumatatu iliyotangulia, tarehe 2 Oktoba, maelfu walipotembea, yeye alikuwa nyuma ya pazia akiwatazama. Jumatatu zote za Septemba pia alikuwa nyuma ya pazia. "Mimi nilichelewa," alisema. "Waliotangulia walikamatwa. Mimi nilitembea na watu sabini elfu, na kati ya watu sabini elfu si rahisi kukamatwa."

Hapo tukakumbuka kitu ambacho Wajerumani hawawezi kukisikia katika lugha yao. Wao husema maombi ya amani huanza saa kumi na saba. Kwa Kiswahili ni saa kumi na moja, na saa kumi na moja ni saa ile ile ya Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu alipotoka mara ya mwisho akakuta watu wamesimama sokoni bila kazi. Tulimweleza bibi hesabu hiyo ya saa zetu, naye ikampendeza sana, akaiandika nyuma ya karatasi ya nyimbo.

Tumewahi kuhubiri juu ya Mathayo 20 mara nyingi, na katika chuo cha theolojia wanafunzi hupenda kuupita mfano huu haraka wakisema unahusu neema. Ni kweli. Lakini tukiwa waaminifu, mfano huu haujibu swali la tramu moja kwa moja. Yule mwenye shamba aligawa fedha yake mwenyewe. Waliochoma migongo juani tangu asubuhi hawakupunguziwa chochote. Katika mji wetu waliochoma migongo ndio wenye nuru. Aliyelala mahabusu mwezi Septemba angeweza kutuambia, hii si ya mwenye shamba, ni yangu. Na kama angesema hivyo, tungemwambia nini?

Jibu, kama lipo, tumelipata njia nyingine, nalo linaanzia nyumbani kwetu.

Bibi mzaa baba alizaliwa Machame. Injili ilifika huko mwaka 1893 kwa mikono ya wamisionari wa Leipzig, kutoka katika mji huuhuu tunaoishi sasa. Bibi aliijua Katekisimo Ndogo kwa moyo, alizijua nyimbo za Luther, na alfajiri ya Pasaka alipanda kwenda kanisani kwa mwanga wa taa, tarumbeta zikipigwa namna ambayo tulikuja kuisikia tena huku Ujerumani, tukashtuka. Katika maisha yake yote hakuna aliyemwambia kwamba mambo ya Wittenberg ni habari ya Wajerumani walioishi kule wakati ule. Angemcheka. Alisema "Baba yetu Luther" kama alivyosema "baba yetu Abrahamu". Nuru ile hakuiwasha yeye, na aliifurahia bila kuomba ruhusa.

Hata hivyo hatuwezi kuishia hapo, maana pamoja na Injili ilikuja bendera. Mwaka 1900, kule Moshi, Mangi Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine kwa amri ya serikali ya kikoloni ya Kijerumani. Bibi alilijua hilo pia. Ukiwa Mluteri wa Kilimanjaro unarithi vyote viwili kutoka upande mmoja wa dunia, na si rahisi kuchagua. Ukisema "yetu" juu ya nyimbo, kuna mwingine lazima aseme "yetu" juu ya kamba.

Na kweli alisema. Mwezi Novemba mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, mahali wapiganaji wa Maji Maji waliponyongwa mwaka 1906, akainama, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale. Steinmeier alizaliwa mwaka 1956. Hakumnyonga mtu. Angeweza kusema, kwa ukweli mtupu, kwamba ile ni habari ya watu walioishi wakati ule. Tulitazama habari hiyo nyumbani kwetu Leipzig, watoto wakiwa wamekaa sakafuni, na tulijua kwamba tumeona jambo la Biblia hasa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, mtoto atakapouliza maana ya amri hizi, mzazi anaagizwa ajibu kwamba sisi tulikuwa watumwa wa Farao. Si babu zetu, sisi. Wanaoambiwa waseme hivyo ni pamoja na watu ambao hawakuiona Misri kwa macho. Imani ya Israeli imejengwa juu ya "sisi" ya namna hiyo, na ya kwetu pia, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa kaburini asubuhi ya Pasaka.

Basi kama mtu anaweza kusema "sisi" juu ya hatia ambayo hakuitenda, na tukakubali kwamba amesema kweli, haiwezekani tumkatalie mtu mwingine kusema "sisi" juu ya furaha ambayo hakuifanyia kazi. Ni mlango mmoja. Lakini ukishaingia kwa mlango huo huruhusiwi kubeba furaha peke yake.

Neno hilo "sisi" linaweza pia kuoza, na katika mji wetu tuliliona likioza. Mwaka 1989 watu wa Leipzig waliwaambia watawala wao, sisi ndio wananchi. Ilikuwa na maana kwamba ninyi mnaosema kwa jina letu hamtujui. Mwezi Januari mwaka 2015 barabara ileile ya mviringo ilikanyagwa na watu waliopinga wageni na Waislamu, na maneno waliyoyapaza yalikuwa yale yale, sisi ndio wananchi. Safari hii yalikuwa na maana ya kwamba ninyi siyo. Waliojitokeza kuwapinga walikuwa wengi kuliko wao, na hilo lazima lisemwe. Mwezi huohuo, huko Köln, maandamano ya aina hiyo yalipopangwa karibu na kanisa kuu, wenye kanisa waliamuru taa zake zote zinazomulika minara zizimwe. Wasingekubali kanisa liwe mapambo ya jambo lile. Tunalifikiri tendo hilo mara kwa mara. Kumbe nuru ya jengo nayo inasema kitu, na kuna usiku ambapo njia pekee ya kusema kweli ni kuizima.

Tulipofika hapa katika mazungumzo ya kikundi chetu, tulikuwa tumejiridhisha. Mzee wa tramu tumemjibu. Tungeweza kufunga na sala. Lakini dada mmoja, muuguzi, ambaye hasemi sana, akauliza kama sisi tuliowahi kuwa viongozi wa kanisa nyumbani tuna Jumatatu ya nyuma ya pazia. Hakumwangalia mtu.

Tunayo. Miaka kumi na minne iliyopita tulitumikia usharika mmoja wa vijijini ambao hatutautaja. Mjane mmoja wa kwaya alikuwa anaondolewa katika shamba la migomba na kahawa la marehemu mume wake, na waliokuwa wakimwondoa ni ndugu za mume. Wawili kati yao walikuwa watu wazito katika ujenzi wa kanisa. Mabati ya paa yalitoka mfukoni mwao. Jioni moja mjane alikuja nyumbani kwa mchungaji akiwa na taa ya chemli. Aliomba jambo moja: tuwepo kwenye kikao cha ukoo. Hata msiposema neno, alisema, mkae tu upande wangu. Tulimwambia tutaliombea. Tukaomba naye hapohapo, sala ndefu. Tukamsindikiza mpaka njia panda, tukaiona taa yake ikiteremka katikati ya migomba mpaka ikapotea. Siku ya kikao tulikuwa na safari ya kwenda ofisi ya jimbo, safari ambayo ingeweza kusubiri hadi wiki iliyofuata. Shamba lilichukuliwa. Paa la kanisa liliezekwa kabla ya Krismasi, nasi tuliongoza ibada ya shukrani.

Hakukuwa na askari. Hakuna hospitali iliyoongeza akiba ya damu. Tuliogopa nyuso mbili katika baraza la wazee, basi.

Tumejiuliza kwa nini furaha ya Augustusplatz ndiyo iliyolifukua jambo hilo, wala si mahubiri yoyote tuliyoyasikia au kuyatoa kwa miaka kumi na minne. Labda ni kwa sababu hukumu hutufanya tujitetee, na furaha hutukuta hatujavaa silaha. Tungeenda kwenye sherehe ile kwa wajibu, tukasimama kwa huzuni ya heshima, pengine tungerudi salama. Tulifurahi, tukasema "mji wetu", na neno hilo likatudai. Katika Nehemia sura ya 8 watu wanalia baada ya kusikia sheria, nao wanakatazwa kulia. Wanaambiwa wale vilivyonona, wanywe, na wampelekee sehemu yule asiyeandaliwa kitu. Tulikuwa tumezoea kuisoma ile sehemu ya mwisho kama nyongeza ya ukarimu. Sasa tunadhani ni sharti la sikukuu yenyewe, kwa sababu karibu kila mara asiyeandaliwa kitu ni mtu ambaye mmoja wetu anajua kwa nini hakuandaliwa.

Bibi wa usharika tulimsimulia habari hii. Hakutufariji. Aliuliza kama mjane yu hai. Hatukujua. Aliuliza mbona hatujui, na katika umri wake haoni haja ya kulainisha swali.

Tumeuliza. Yu hai, anaishi kwa binti yake mji mwingine, haimbi tena kwaya. Tulimwandikia barua mwezi Novemba, barua ya karatasi, kwa mkono, kwa kuwa ujumbe wa simu ulionekana mwepesi mno. Tulisema tulichofanya bila kuitaja ile safari ya jimboni kama sababu. Hatukumwomba atusamehe katika barua ya kwanza; tulimwomba tu ruhusa ya kuja kumwona tutakapokuwa likizo, na tukamwambia kwamba tumemwandikia pia mkuu wa jimbo wa sasa tukieleza tulivyoshindwa wakati ule, ili lisibaki kuwa neno lake peke yake dhidi ya ukoo. Hilo la pili tunakiri lilikuwa gumu zaidi.

Oktoba imekaribia tena. Binti yetu ametunza kile kikombe kwenye kabati la vyombo, kina nta iliyoganda chini, na anataka kukitumia hichohicho. Bibi amesema mwaka huu atakuja nasi, ila si uwanjani. Atatupeleka kwenye ngazi za lile jengo la polisi wa siri, ambako usiku ule watu waliweka mishumaa yao wakaendelea kutembea, na baada ya hapo, kama miguu yake itakubali, tutazunguka barabara yote. Mzee wetu wa kibatari ameulizia tutaondoka saa ngapi. Barua ya Tanzania haijajibiwa.